Mikopo ya Asilimia 10: Kikundi ni Wamiliki wa Biashara, Si Orodha ya Majina

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Fedha zinazokopeshwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu katika halmashauri nchini si msaada kutoka nje wala si zawadi ya kiongozi yeyote. Zinatokana na ushuru wa masoko, ushuru wa mazao, ada za leseni na vyanzo vingine vya mapato ya ndani ambavyo wananchi wa halmashauri husika wamevilipia wenyewe. Mama lishe anayelipa ushuru wa kibanda chake sokoni amechangia mkopo wa kikundi cha vijana wa kata ya jirani, hata kama hawafahamiani.

Msingi wa utaratibu huu ni kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kilichoongezwa kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2018. Kabla ya hapo halmashauri zilitenga fedha hizo kwa maelekezo tu, na nyingi zilitenga pungufu au hazikutenga kabisa. Sasa kila halmashauri inawajibika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, baada ya kuondoa yale yaliyokwishapangiwa matumizi maalumu. Asilimia 4 huenda kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa halmashauri yenye mapato ya aina hiyo ya shilingi bilioni 1, hesabu ni shilingi milioni 40, milioni 40 na milioni 20. Mikopo haina riba.

Mwezi Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hiyo, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonesha fedha nyingi zisizorejeshwa na kuwapo kwa vikundi hewa. Mikopo ilirejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/2025. Halmashauri 10, zikiwamo Jiji la Dar es Salaam, Jiji la Dodoma, Manispaa ya Songea na Halmashauri ya Wilaya ya Siha, ziliteuliwa kufanya majaribio ya kutoa mikopo kupitia benki, na nyingine 174 ziliendelea kukopesha zenyewe kwa utaratibu ulioboreshwa.

Hata hivyo, si kila kikundi kilichoshindwa kurejesha kilikuwa hewa. Vipo vilivyokuwa na watu halisi, katiba, akaunti ya benki na andiko zuri la mradi, lakini havikuwa na biashara ya pamoja. Siku fedha zilipoingia, ziligawanywa: mmoja akanunua vitenge, mwingine akalipa ada ya mtoto, wa tatu akaongezea mtaji wa duka lake. Deni likabaki la wote, mali ikawa ya kila mtu peke yake. Aliyefanikiwa haoni sababu ya kumlipia aliyekwama, na aliyekwama huanza kukwepa mikutano.

Tuchukue mfano wa wanawake walioomba mkopo wa mashine ya kusaga nafaka. Iwapo wanataka kuimiliki kweli, maswali yao ya kwanza hayahusu bei ya mashine. Stakabadhi ya ununuzi itaandikwa jina la nani? Kiwanja inapofungwa ni cha nani, na mwenye kiwanja akitaka kukirudisha itakuwaje? Nani anahesabu fedha za jioni, na nani mwingine anashuhudia? Mwanachama akihama au akifariki, familia yake inalipwa kiasi gani? Majibu yakiwa ndani ya katiba ya kikundi na kwenye mihtasari ya mikutano iliyosainiwa, mashine ni ya kikundi. Yakiwa kichwani mwa mwenyekiti pekee, mashine ni ya mwenyekiti, na wenzake ni wadhamini wake bila kujua. Kikundi kinachotumia jioni tatu kubishana juu ya maswali hayo kabla ya kujaza fomu hakijapoteza muda.

Kwa watu wenye ulemavu suala hili lina uzito wa pekee. Yapo mazoea ya kuomba jina la mtu mwenye ulemavu liwekwe kwenye fomu ili kikundi kifikie fungu la asilimia 2, kisha mhusika hapewi kazi, hesabu wala gawio. Kumshirikisha kunaanzia kwenye mambo madogo: mkutano ufanyike mahali ambapo kiti mwendo kinafika, mwanachama kiziwi awe na mtu wa kumtafsiria lugha ya alama, na taarifa ya hesabu isomwe kwa sauti kwa ajili ya asiyeona. Asiyeweza kufuatilia hesabu za biashara hawezi kusemwa kuwa anaimiliki.

Kikundi kinachokua kinaweza kusajiliwa kuwa chama cha ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, inayosimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Tofauti na kampuni, ambako kwa kawaida uzito wa kura hufuata hisa, katika chama cha msingi kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Wapo wanaoona utaratibu huo unachelewesha maamuzi, na kwa kiasi fulani wana hoja. Lakini ndio unaomzuia mwenye fedha nyingi asiwanunue wenzake.

Wanaotaka kuomba waanze kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ambaye huelekeza vikundi kuhusu usajili na maombi. Asiyekopa naye ana nafasi yake. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mwananchi anaweza kusimama hapo kuuliza ni vikundi vipi vya kijiji chake vilivyokopeshwa, kwa biashara gani, na marejesho yamefikia wapi.