Msongo wa Mawazo na Mzunguko wa Hedhi

Mzunguko wa hedhi huongozwa na ubongo. Sehemu yake ndogo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni kwa vipindi, nayo huiamsha tezi ya pituitari kutoa homoni mbili zinazokomaza yai kwenye ovari. Kwa mwanamke mzima, mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida. Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni unaweza kufika siku 45.

Msongo wa mawazo ukizidi, mwili humwaga homoni ya kotisoli kwa wingi na haipothalamasi hupunguza kasi. Yai huchelewa kupevuka, au halipevuki kabisa. Yai likishatoka, hedhi hufuata baada ya siku 14 hivi, kwa hiyo kuchelewa hutokea kabla ya hapo. Mwenye mzunguko wa siku 28 akifiwa katika wiki ya kwanza, yai linaweza kutoka siku ya 24 badala ya 14, na hedhi ikaja siku ya 38. Katika siku hizo kumi za kuchelewa hakuna damu chafu iliyoganda tumboni inayohitaji dawa ya kuisukuma.

Vijijini kama Lupaso, wilayani Masasi, msongo huweza kuandamana na upungufu wa chakula na kazi nzito. Kaya nyingi hutegemea korosho. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha ushirika (AMCOS), kisha husubiri mnada na malipo. Msimu wa 2018/2019, Serikali ilipoamua kununua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo, wapo waliosubiri fedha zao kwa miezi. Miezi ya kwanza ya mwaka, chakula kwenye ghala la nyumbani kinapopungua, ndiyo pia miezi ya palizi. Upande wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, shida ya maji ni ya miaka mingi, na anayebeba ndoo mara nyingi ni mwanamke.

Ubongo hupima pia akiba ya mafuta mwilini kupitia homoni ya leptini. Chakula kikipungua na jasho likiongezeka, uzazi husimamishwa kwanza. Wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944 na 1945, wanawake wengi walikosa hedhi, nayo ikarejea walipopata chakula. Hali ya kukosa hedhi ikidumu, estrojeni hubaki chini na mifupa hudhoofika. Msongo huweza pia kuzidisha maumivu ya hedhi. Chupa ya maji ya moto juu ya tumbo hutuliza.

Hata hivyo, msongo husingiziwa mengi. Hedhi ikikosekana, la kwanza ni kupima mimba, na kurudia baada ya wiki moja ikiwa kipimo hakionyeshi kitu. Sindano ya uzazi wa mpango, kunyonyesha, ugonjwa wa tezi ya shingo na kukaribia ukomo wa hedhi navyo hubadili mzunguko. Kuandika tarehe ya siku ya kwanza ya kila hedhi humrahisishia mhudumu wa zahanati kazi.

Aliyekosa hedhi miezi mitatu mfululizo bila sababu inayojulikana, au msichana aliyetimiza miaka 15 bila kuvunja ungo, anahitaji uchunguzi. Damu inayolowesha pedi kila saa, damu baada ya ukomo wa hedhi, au maumivu makali ya tumbo kwa anayeweza kuwa mjamzito, si mambo ya kusubiri: mgonjwa apelekwe hospitali, kama Mkomaindo mjini Masasi au Ndanda, siku hiyo hiyo.