Ghala la Zamani Liwe Nyumba ya Kuku

Mkulima wa Migori au wa Bonde la Lambwe, Homa Bay, ghala lako lisilotumika laweza kufaa kuku. Lakini usilizibe lote kwa kuogopa baridi ya mvua za Machi hadi Mei. Unyevu na hewa mbaya huwadhuru pia.

Ziba nyufa za chini kwa udongo. Chini ya paa acha nafasi yenye wavu, hewa chafu ipate kutoka. Tandaza maranda makavu, unene wa sentimita 10. Mita moja ya mraba yawatosha kuku wakubwa 4.

Vifaranga wa juma la kwanza wataka joto la digrii 32 hadi 35. Wakisongamana, waona baridi. Jiko la makaa lisiwake katika chumba kilichofungwa: hewa yake huua vifaranga, na mwenyewe pia.