Nyuki Wasio na Mzinga (2): Chumba, Chakula na Joto

Sehemu ya kwanza ilieleza kwamba dunia ina spishi za nyuki zaidi ya 20,000, na walio wengi hawana malkia, mzinga wala asali ya kurina. Kila jike hujijengea na kuzaa peke yake. Leo ni zamu ya nyuki seremala, mgeni asiyeombwa wa kenchi za nyumba. Jike la Xylocopa caffra ni jeusi lenye mikanda miwili ya njano. Dume ni la njano tupu, hata wengi hudhani ni mdudu mwingine.

Jike hutoboa mti mkavu, lakini hali mbao. Hufinyanga donge la chavua na mbochi, hutaga yai moja juu yake, huziba chumba kwa unga wa mbao, kisha huanza kingine. Yai hilo ni kati ya makubwa kuliko yote ya wadudu, ndiyo maana hutaga machache.

Hapo mengi ya mtoto yameshaamuliwa. Mama huhifadhi mbegu za dume tumboni: yai lililorutubishwa huwa jike, lisilorutubishwa huwa dume. Buu hukua kwa donge lile tu. Likiwa dogo, atakuwa mdogo hadi kufa, kwa sababu mdudu akishaota mabawa haongezeki kimo.

Yaliyobaki ni ya hali ya hewa. Joto la ufuko wa Ziwa Nyasa, takriban meta 475 juu ya bahari, huharakisha ukuaji wa buu. Unyevu ndio hatari, maana mvua nyingi za Kyela, kando ya ziwa hilo, huleta kuvu, na kuvu huozesha donge na buu pamoja. Mti mkavu chini ya paa una faida kubwa hapo.

Jangwani tatizo ni kinyume. Nyuki mdogo wa Marekani, Perdita portalis, akiwa buu aliyeshiba hulala akisubiri unyevu wa mvua. Hawaamki wote kwa pamoja. Wengine hungoja zaidi ya mwaka, na ukame wa msimu mmoja haumalizi kizazi kizima.

Utafiti wa Nguruman, Kenya, uliochapishwa mwaka 2008, ulimtaja Xylocopa caffra miongoni mwa wachavushaji wakuu wa biringanya, ambayo ua lake hutoa chavua likitikiswa kwa mvumo. Mkulima wa Bujonde, huko Kyela, apake rangi kenchi zake akitaka, lakini asichome kila gogo kavu lililo pembezoni mwa shamba.