Langalanga usiku: Hofu ya giza ilivyoficha hatari nyingine

WAPENZI wa mbio za magari za langalanga duniani walikuwa na mwaka mzima na zaidi wa kusubiri na kubishana. Mei 2007 ilitangazwa kuwa Singapore ingeandaa mashindano ya Formula One, na baadaye ikathibitishwa kuwa yangefanyika usiku, katika barabara za katikati ya jiji.

Halikuwa jambo dogo. Tangu mashindano ya ubingwa wa dunia yaanze mwaka 1950, hakuna hata mara moja ambapo magari hayo yalikuwa yameshindana usiku.

Kulikuwa na waliofurahi. Waliona magari yakipita kasi chini ya taa, kando ya bahari, kati ya majengo ya kale na maghorofa marefu. Wengine walitia shaka: je, dereva ataona? Umeme ukikatika je? Na mvua ikinyesha?

Maswali hayo yalikuwa ya haki, na yalipatiwa majibu. Hata hivyo, yaliyokuja kuyatia doa mashindano hayo yalitokana na mambo ambayo hakuna aliyeyauliza.

Kwa nini usiku

Sababu ya kwanza ilikuwa televisheni. Watazamaji wengi wa Formula One wako Ulaya, na mashindano yanayofanyika mchana mashariki ya Asia huwafikia alfajiri au asubuhi mapema, wengi wakiwa bado usingizini.

Kwa kuanza saa 2:00 usiku kwa saa za Singapore, mashindano yangeonekana saa 8:00 mchana katika nchi nyingi za Ulaya, na saa 9:00 alasiri Afrika Mashariki. Bernie Ecclestone, aliyekuwa msimamizi wa biashara ya mchezo huo, aliupigania sana mpango huo.

Sababu ya pili ilikuwa utalii. Singapore iliwahi kuwa na mashindano yake katika barabara ya Thomson kuanzia mwaka 1961 hadi 1973, kisha ikayaacha. Safari hii ilitaka jiji lenyewe lionekane duniani kote likiwa limewaka taa.

Gharama zilikuwa kubwa. Katika miaka ya mwanzo, kila shindano lilikadiriwa kugharimu dola za Singapore milioni 150, na serikali ilibeba asilimia 60 ya fedha hizo. Kwa hiyo mlipa kodi naye, hata asiyejali magari, alikuwa na hisa katika usiku ule.

Magari yasiyo na taa

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, huenda hofu ya giza ikaonekana ya ajabu. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, iliwazoesha mashabiki wa Kenya, Uganda na Tanganyika kuona magari yakikimbizana usiku na mchana katika barabara za vumbi na matope. Mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, nayo yamekuwa yakivuka usiku tangu mwaka 1923.

Tofauti ni kwamba magari hayo yana taa zake ya mbele. Gari la Formula One halina. Wakati huo lilibeba taa moja nyekundu nyuma, ya kumwonya anayefuata, basi. Dereva wake hutegemea mwanga unaotoka nje ya gari.

Machi 2008, pikipiki za MotoGP zilishindana usiku huko Qatar. Lakini zile zilikimbia katika uwanja maalumu wa Losail. Singapore ilikuwa mitaa ya watu: barabara ya mashindano yenye urefu wa kilomita 5.067 na kona 23, ikipita mbele ya uwanja wa Padang na juu ya daraja jembamba la Anderson lililofunguliwa mwaka 1910.

Kazi ya taa ilipewa kampuni ya Kiitaliano ya Valerio Maioli. Taa zipatazo 1,500 zilifungwa kwenye nguzo za chuma kuizunguka barabara yote, zikitoa mwanga wa karibu lux 3,000, ambao wahusika walisema ni takriban mara nne ya ule wa uwanja wa michezo wa kawaida.

Taa zilielekezwa kwa pembe zilizopimwa ili zisimpige dereva machoni. Umeme wake ulitoka kwenye jenereta zilizofungwa mbilimbili, ili moja ikizimika nyenzake iendelee. Swali la giza na la umeme yakawa yamejibiwa kwa waya na vyuma.

Mvua na matuta

Swali la mvua lilikuwa gumu zaidi. Singapore iko karibu na ikweta, na mvua yake huja ghafla. Madereva walihofia kwamba lami ikilowa itageuka kioo, na maji yanayorushwa na magurudumu yatang'aa mbele ya macho yao kama ukungu mweupe.

Usiku wa kwanza haukuleta jibu, kwa kuwa mbio zilikimbiwa pakavu. Iliwabidi mashabiki wangoje hadi mwaka 2017 ndipo mashindano ya Singapore yaanze barabara ikiwa imelowa. Magari ya Sebastian Vettel, Kimi Raikkonen na Max Verstappen yaligongana mara tu baada ya kuanza, na Lewis Hamilton akashinda. Mwaka 2022 mvua iliahirisha kuanza kwa zaidi ya saa moja, kisha Sergio Perez akashinda.

Hivyo mvua ni tatizo la kweli, lakini linalosimamiwa kama kwingineko: kwa kusubiri, na kwa gari la usalama kuongoza msafara. Madereva wa mwaka 2008 walilalamikia zaidi matuta ya barabara, joto, na kona zinazofuatana bila nafasi ya kupumua.

Usiku wa Septemba 28

Shindano la Septemba 28, 2008, ambalo pia lilikuwa la 800 katika historia ya ubingwa wa dunia, lilianza Felipe Massa wa Ferrari akiwa mbele. Fernando Alonso wa Renault alianza nafasi ya 15.

Alonso aliingia mapema kujaza mafuta na kubadili magurudumu. Muda mfupi baadaye, mwenzake wa Renault, Nelson Piquet Mdogo, aligonga ukuta kwenye kona ya 17, na gari la usalama likaitwa.

Kwa kanuni za wakati huo, njia ya kuingilia kwa mafundi ilifungwa kwanza hadi magari yajipange nyuma ya gari la usalama. Aliyekwisha kujaza mafuta alinufaika, na ambaye hajajaza aliumia. Alonso alipanda hadi mbele na kushinda, akifuatwa na Nico Rosberg na Hamilton.

Massa naye alipoingia, taa ya ruhusa iliwashwa kabla ya wakati, akaondoka na bomba la mafuta likiwa bado limeng'ang'ania gari. Alimaliza wa 13 bila pointi. Mwisho wa msimu alilikosa taji la dunia kwa pointi moja, likaenda kwa Hamilton.

Usiku ule wengi walisema shaka zimekwisha. Taa hazikuzimika, picha za televisheni zilipendeza, na barabara ilihimili.

Kikulacho ki nguoni mwako

Mwaka uliofuata, baada ya kuachishwa na Renault, Piquet alieleza kuwa hakuteleza. Alisema aliligonga ukutani gari lake kwa makusudi, kwa mpango wa timu, ili gari la usalama limsaidie Alonso.

Septemba 21, 2009, Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, liliipa Renault adhabu ya kufungiwa iliyosimamishwa kwa miaka miwili. Mkuu wa timu, Flavio Briatore, alifungiwa bila kikomo, na mhandisi mkuu, Pat Symonds, kwa miaka mitano. Januari 2010 mahakama ya Ufaransa ilizifuta adhabu za wawili hao. Alonso hakupatikana na hatia yoyote.

Jeraha halijapona. Machi 2024 Massa alifungua kesi London dhidi ya FIA, Ecclestone na kampuni inayosimamia Formula One, akidai kuwa yaliyotokea Singapore yalimnyima ubingwa.

Hata upande wa waandaaji haukubaki salama. S. Iswaran, mmoja wa viongozi wa serikali waliosaidia kuyaleta mashindano hayo Singapore, alihukumiwa kifungo cha miezi 12 Oktoba 2024. Akiwa mtumishi wa umma alikuwa amepokea zawadi, zikiwamo zilizotoka kwa mfanyabiashara Ong Beng Seng, mwenye haki za kuandaa mashindano hayo.

Mashabiki walikuwa wameuliza kama dereva ataona. Hawakuuliza nani angemwangalia dereva na mabosi wake.

Las Vegas na kifuniko cha barabarani

Miaka 15 baadaye hadithi ilijirudia Marekani. Novemba 2023 jiji la Las Vegas liliandaa mbio zake za usiku, katika barabara ya kilomita 6.201 iliyopita mbele ya hoteli na kumbi zake za kamari. Mashabiki walibishana juu ya baridi ya usiku, bei za tiketi na sherehe zilizoonekana kuumeza mchezo. Verstappen mwenyewe alisema wazi kuwa hakupendezwa.

Dakika chache tu tangu mazoezi ya kwanza yaanze, gari la Carlos Sainz wa Ferrari lilipasuliwa chini na kifuniko cha valvu ya maji kilichonyanyuka barabarani. Mazoezi yalisimamishwa. Mafundi walivikagua vifuniko vingine na kuvijaza mchanga na lami.

Mazoezi ya pili yalianza saa 8:30 usiku, na mashabiki walikuwa wamekwisha kuondolewa majukwaani. Waliokuwa na tiketi za siku hiyo pekee walipewa vocha ya dola 200 ya kununulia bidhaa, na baadhi yao wakafungua kesi. Sainz naye alirudishwa nyuma nafasi 10 kwa kubadilishiwa kifaa kilichoharibika bila kosa lake.

Hatari hiyo haikuwa ngeni. Aprili 2019 gari la George Russell liliharibiwa na kifuniko cha mfereji huko Baku, Azerbaijan, pia katika mazoezi ya kwanza. Mbio zenyewe za Las Vegas zilivutia, Verstappen akashinda, na wengi waliokebehi wakabadili kauli.

Mifano hiyo miwili inaonyesha jinsi shaka za mashabiki zinavyoweza kuwa za haki na bado zikakosa shabaha. Giza huonekana na kila mtu, hivyo hupewa wahandisi, fedha na majaribio. Kifuniko cha maji na maelewano ya siri ndani ya timu havionekani, hivyo hupata mwangalizi baada ya ajali.

Kwa mji wowote unaotamani kuzitoa barabara zake kwa usiku kama huo, maswali ya kwanza hayahusu taa. Ni nani aliyekagua kila kifuniko, shabiki atalipwaje mambo yakiharibika, na nani atawachunguza wenye timu na waandaaji wenyewe.