Kuku Asiyeandikika: Herufi za Mchezo na Vina vya Shairi

Ndugu msomaji, chukua jina la milima inayoutazama mji wetu wa Morogoro: Uluguru. Lina herufi saba, idadi ileile anayoshika mchezaji mmoja wa Scrabble. Lina u nne, na mfuko mzima wa mchezo huo kwa Kiingereza una u nne tu. Ukiliandika ubaoni, umezimaliza zote! Lakini huruhusiwi, maana ni jina la pekee.

Sasa jaribu kuandika kuku. Hapo hata sheria haina haja ya kukukataza: mfukoni mna k moja tu, labda upate kipande kitupu. Kadhalika zizi, kwani z nayo ni moja.

Je, ni bahati mbaya? La hasha. Mbunifu wa mchezo huu, Mmarekani Alfred Butts, alihesabu jinsi herufi zinavyojirudia katika magazeti ya Kiingereza. Ndiyo maana kati ya vipande 100, e ziko 12 na kila moja ina alama 1, ilhali q iko moja tu, yenye alama 10. Mfuko ule, kwa hiyo, ni picha ya lugha moja.

Hapa ndipo mwanafunzi wetu anapokwama. Akidaiwa neno la Kiingereza lenye x, anakodoa macho, halafu anajiona hajui kitu. Jamani, si hivyo! Kiswahili sanifu hakina q wala x, na karibu kila neno huishia na irabu. Sisi tumezoea kusaka neno kwa silabi. Mwombe mshairi kina cha -ma, papo hapo atakumwagia kisima, huruma, lawama, neema.

Basi tuutumie ujuzi huohuo. Kwanza, shika mwisho wa neno. Kiingereza nacho kina “vina” vyake: -ing, -ed, -er. Ukivipata, viweke kando, kisha panga zilizobaki. P, l, a na y pamoja na -ing zinakupa playing, herufi saba kamili, na nyongeza ya alama 50. Pili, tafuta jirani: q hupenda kuandamana na u, kama quiz na queen, x hupenda kukaa nyuma ya irabu, kama box na tax. Tatu, usisahau nyumbani: safari, uhuru na boma yamo katika kamusi za Kiingereza.

Lakini mhakiki ana la kujifunza zaidi. Butts alithamini herufi kwa uadimu wake. Sisi tunapohakiki shairi la arudhi, mara nyingi tunaangalia tu kama vina vimetimia, basi. Kina cha -wa ni cha bei rahisi, kwa sababu vitenzi vya kutendwa huishia hivyo: pigwa, somwa, pendwa. Kina cha -ge hutafutwa kwa tochi: ndege, bunge, mkonge… halafu? Mshairi aliyekitimiza beti kumi bila kupinda maana hawezi kupewa alama sawa na yule wa -wa.

Kazi hiyo tunaiweza wenyewe. Chukueni ukurasa mmoja wa gazeti la Kiswahili, hesabuni silabi za mwisho wa maneno, kisha rudini kwenye mashairi mnayoyapenda. Huenda hukumu zetu zikabadilika.