Injini Inapogonga: Maana Tatu za "Kunoki" na Ufafanuzi wa Mlipuko wa Masalia katika Injini za Petroli Jijini Kampala

Ikisiri

Katika gereji za Afrika Mashariki neno moja, kunoki, hutumika kwa hitilafu tatu za injini ya petroli ambazo chanzo, hatari na tiba zake hazifanani. Makala haya yanaeleza jinsi kila hitilafu inavyotokea, yakitumia mazingira ya Kampala kama mfano, kisha yanaonyesha kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kuzitenganisha. Hoja kuu ni kwamba istilahi ya ufundi inapaswa kutaja kinachotokea ndani ya silinda, si sauti inayosikika nje yake.

1.0 Utangulizi

Mwenye gari anayefika kwa mafundi wa Soko la Kisekka, katikati ya Kampala, huanza kwa kueleza sauti. Fundi naye hana budi kuigeuza sauti hiyo kuwa uamuzi: kubadilisha petroli, kurekebisha wakati wa cheche, au kuifungua injini nzima. Hapo ndipo neno linapokuwa na gharama. Mteja aliyeambiwa kwamba injini "inanoki" anaweza kununua injini nyingine bila sababu, au kuendelea kuendesha gari ambalo beringi zake zimekwisha.

Kitenzi kunoki kilikopwa kutoka Kiingereza na kikakubali viambishi vya Kiswahili bila taabu. Msemaji akisema "injini imenoki", kiambishi -me- huleta maana ya hali iliyotimia: injini imekufa. Akisema "inanoki", kiambishi -na- hutaja mlio unaoendelea. Tofauti hiyo ya njeo ni ya maana, lakini haitoshi, kwa kuwa haisemi ni kitu gani kinacholia.

Suala hili lina uzito zaidi nchini Uganda kwa sasa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Lugha inayoingia darasani haina budi kuwa tayari pia kuingia karakana.

2.0 Uwakaji wa Kawaida

Pistoni inapopanda, huugandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli. Katika injini yenye uwiano wa mgandamizo wa 10 kwa 1, mchanganyiko hubanwa hadi sehemu moja ya kumi ya ujazo wake wa awali. Hewa inayobanwa hupata joto, kama inavyodhihirika kwa yeyote aliyeshika pampu ya baiskeli baada ya kujaza upepo. Kabla kidogo ya pistoni kufika juu kabisa, plagi hutoa cheche. Mwali huanzia kwenye plagi na kusambaa kuelekea kuta za silinda kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde. Ingawa tendo hili huitwa mlipuko katika mazungumzo ya kawaida, kwa hakika ni uwakaji wenye mpangilio, na shinikizo lake huisukuma pistoni chini mfululizo.

Uwiano mkubwa wa mgandamizo huongeza kazi inayopatikana katika kila lita ya mafuta, na kwa sababu hiyo watengenezaji huupandisha kadiri wawezavyo. Mazda Demio yenye injini ya Skyactiv ya lita 1.3, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2011, ina uwiano wa 14 kwa 1. Ili kuufikia, wahandisi walipuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda na kuchelewesha kufungwa kwa vali ya kuingizia hewa. Bila mbinu za namna hiyo, ongezeko la mgandamizo hukutana na kizuizi chake cha kimaumbile, yaani mlipuko wa masalia.

3.0 Mlipuko wa Masalia

Mwali unapoendelea kusambaa, sehemu ya mchanganyiko ambayo haijafikiwa hubanwa mara ya pili, safari hii na gesi zinazotanuka nyuma ya mwali. Sehemu hiyo ndiyo inayoitwa hapa masalia. Joto lake hupanda haraka. Mwali ukiwahi kufika, masalia huwaka kwa utaratibu. Ukichelewa, hujiwasha yenyewe, karibu yote kwa wakati mmoja. Shinikizo hupanda ghafla na mawimbi yake hugonga kuta za silinda na kurudi. Silinda yenye kipenyo cha sentimita nane au tisa hulia kwa masafa ya hezi 6,000 hadi 7,000 hivi. Dereva husikia mlio mwepesi na mkali, kama punje za mahindi zinazomwagwa juu ya bati, hasa anapokanyaga mafuta mlimani. Akiinua mguu, mlio hutoweka.

Madhara yake hutokana na joto zaidi kuliko kelele. Gesi inayowaka huzidi nyuzi 2,000 za Selsiasi, ilhali alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Kinachoikinga pistoni, pamoja na upoozaji wa injini, ni tabaka jembamba la gesi isiyo na joto kubwa linalogandamana na uso wake. Mawimbi ya mlipuko hulifagia tabaka hilo. Hali hiyo ikidumu chini ya mzigo mkubwa, kingo za pistoni huchimbika, sehemu zinazoshikilia ringi huvunjika na gasketi ya kichwa cha silinda huungua. Mlipuko mwepesi wa mara mojamoja hauui injini. Unaoendelea kwa muda mrefu huiua.

Uwezo wa petroli wa kustahimili hali hiyo hupimwa kwa namba ya okteni. Petroli yenye namba 95 hustahimili kama mchanganyiko wa sehemu 95 za isookteni na sehemu 5 za hepteni. Kwa hiyo okteni si kipimo cha nguvu ya mafuta. Injini isiyohitaji okteni kubwa hainufaiki kwa kuinunuliwa. Mwaka 1921 Thomas Midgley na wenzake katika kampuni ya General Motors walibaini kwamba kiasi kidogo cha kampaundi ya risasi huzuia mlipuko huu. Dawa hiyo ilikuwa sumu kwa binadamu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa katika petroli kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021.

4.0 Hitilafu Mbili Zinazochanganywa Nayo

Ya kwanza ni uwakaji wa mapema. Kipande cha kaboni kilichopata moto hadi kuwa kaa, au plagi isiyofaa injini husika, huweza kuuwasha mchanganyiko kabla ya cheche. Pistoni ingali inapanda, hivyo hulazimika kupambana na shinikizo linaloelekea chini. Hitilafu hii huweza kutokea pasipo mlio wa kumwonya dereva, na huweza kutoboa pistoni kwa muda mfupi. Isitoshe, hitilafu hizi mbili huzaana: mlipuko wa masalia huongeza joto linalotengeneza makaa, na uwakaji wa mapema huyapa masalia joto la kujiwasha.

Ya pili ni ugongaji wa beringi. Huu hauhusiani na uwakaji. Beringi inayounganisha mkono wa pistoni na krenkishafti ikilika, hasa kwa kukosa oili, chuma hugonga chuma. Mlio wake ni mzito, hufuata mizunguko ya injini, na kwa kawaida huzidi oili inapopata moto na kuwa nyepesi. Petroli ya aina yoyote haiutibu.

5.0 Mazingira ya Kampala

Kampala iko takriban mita 1,190 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni kama asilimia 87 ya lile la pwani. Kwa injini isiyo na tabo, hewa hiyo nyepesi hupunguza shinikizo ndani ya silinda na hivyo hupunguza mlipuko wa masalia. Kwa sababu hiyohiyo, petroli yenye okteni ndogo kuliko ya kawaida huuzwa katika majimbo ya milimani ya Marekani. Matokeo yake ni kwamba gari la zamani ambalo wakati wake wa cheche umewahishwa ili kuliongezea nguvu jijini Kampala linaweza kuanza kulia likishuka hadi Mombasa, ingawa hakuna kilichoharibika njiani.

Yapo pia mambo yanayouchochea mlipuko. Foleni ndefu hupandisha joto la injini. Vilima vya Muyenga, Kololo na Namirembe humshawishi dereva kukanyaga mafuta akiwa bado katika gia kubwa, ilhali kushuka gia moja hupunguza mzigo. Magari mengi huingia nchini yakiwa yametumika, hata baada ya sheria ya mwaka 2018 kuzuia uingizaji wa yale yenye umri wa miaka 15 na zaidi, na injini ya umri huo huwa imejijengea kaboni inayopunguza nafasi ya uwakaji. Petroli ikichanganywa na mafuta ya taa, okteni yake hushuka. Uchakachuaji wa aina hiyo ni miongoni mwa mambo yanayolengwa na mpango wa Uganda wa kuweka alama maalumu katika mafuta.

Injini za kisasa huwa na kihisi kinachonasa mtetemo wa mlipuko na kuiarifu kompyuta, nayo huichelewesha cheche. Mlio huisha, lakini gari hupoteza nguvu na kutumia mafuta zaidi. Ukimya, kwa hiyo, si ushahidi wa uzima.

6.0 Nyenzo za Lugha

Mnyambuliko wa kitenzi waka unatosha kuzitofautisha hali za uwakaji. Katika hali ya kawaida, mchanganyiko huwashwa na cheche. Katika uwakaji wa mapema, huwashwa na kaa kabla ya cheche. Katika mlipuko wa masalia, hujiwasha baada ya cheche. Kauli ya kutendwa humtaja mtenda, na kirejeshi -ji- humwondoa, fundi akiuliza "Nini kimewasha?" tayari ameanza uchunguzi. Ugongaji wa beringi hubaki nje ya kundi hili, na kitenzi gonga huusadifu kwa kuwa hapo kuna vyuma viwili vinavyogongana kweli.

7.0 Hitimisho

Neno kunoki halihitaji kufukuzwa gerejini. Linafaa kwa malalamiko ya mteja, kama neno homa linavyofaa kwa mgonjwa anayeingia zahanati. Daktari hatibu homa pasipo kutafuta chanzo chake. Mitaala ya ufundi itakayoandikwa kwa Kiswahili iweke istilahi tatu mahali pa neno hilo: mlipuko wa masalia, ambao hutibiwa kwa kuangalia petroli, cheche, joto na mzigo, uwakaji wa mapema, ambao hutibiwa kwa kuondoa kaboni au kubadilisha plagi, na ugongaji wa beringi, ambao humtaka dereva azime injini papo hapo.