MAJI YA KUTIA RANGI DAMU: SABABU GANI KIPIMO CHA MALARIA KINADANGANYA?

Ndugu wauguzi na wafanyakazi wa labo, mutoto anakuja na homa kali. Mnapaka tone la damu juu ya kioo, mnatia rangi ya Giemsa, mnatazama kwa mikroskopu. Hamuoni vidudu. Je, kweli hana malaria? Pengine vidudu viko, lakini rangi haikuvishika. Kosa linaweza kuwa katika maji.

Nguvu ya asidi ao alkali tunaipima kwa namba ya pH, toka 0 mpaka 14. Katikati ni 7. Chini yake ni asidi, kama ndimu, ao ile asidi ya salfuriki inayoyeyusha shaba katika kiwanda cha Luilu, hapa Kolwezi. Juu yake ni alkali, kama maji ya majivu. Kwa kutafuta malaria, maji ya kuchanganya Giemsa yanapashwa kuwa na pH 7.2.

Usiseme: «Maji haya ni distile, basi ni sawa.» Maji distile yakikaa wazi yanavuta gesi kaboniki ya hewa, na pH inashuka mpaka karibu 5.6.

Rangi yenyewe inaonyesha kosa:

1. Kioo chote ni chekundu, na vidudu vimefifia: asidi imezidi. Ongeza matone ya fosfati ya disodiki 2%.

2. Kioo chote ni buluu: alkali imezidi. Ongeza fosfati ya monopotasiki 2%.

3. Punje za rangi zimetapakaa: hiyo si pH. Chuja rangi.

Ongeza kidogo kidogo, na kila mara pima tena. Kusafisha kioo nako tumia maji yale yale ya 7.2.

Lakini mashini ya pH nayo inaweza kudanganya. Kila siku ijaribu kwanza na maji ya pH 7 na ya pH 4 yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ncha yake ya kioo isikauke, wala isilazwe ndani ya maji distile. Iweke katika maji ya kloridi ya potasiamu.

Tena, kila mara mnapotengeneza maji mapya, tieni rangi kwanza kioo cha damu mnachojua kina malaria. Kama vidudu vyake havionekani vizuri, musiandike «hakuna» kwa mugonjwa yeyote. Tengenezeni maji, mutie rangi kioo kingine. Neno «hakuna» likiandikwa bure, mutoto anarudishwa nyumbani bila dawa.